Draiva inaomba pini ya LCD_RST, kerneli inasema haipo: jina la pini linatafutwaje hasa?

"Mkuu habari za kazi. Naandika draiva ya skrini ndogo ya SPI kwenye bodi yetu inayotumia Linux. Kwenye mchoro wa bodi pini ya riseti imeitwa LCD_RST, na jina hilo hilo nimeliweka kwenye gpio-line-names, nikiendesha gpioinfo naliona kabisa, laini ya 17. Ila draiva ikiita devm_gpiod_get na "LCD_RST" inarudishiwa -2. Nikajaribu devm_gpiod_get_optional, kosa likaisha, lakini skrini bado nyeusi. Nikitumia namba ya pini kama zamani kuna siku inawaka kuna siku haiwaki. Juu ya hayo kiongozi wetu wa timu kaniambia niandike ukurasa wa kuwaeleza wenzangu jinsi draiva inavyotafuta pini kwa jina, na mimi mwenyewe sijaelewa. Naomba unisaidie, naanzia wapi?"

Mkuu, pole na hiyo skrini. Nianze na jambo litakalokuuma kidogo: kosa lako halikuisha, lilinyamaza tu, na kosa lililonyamaza ni baya kuliko ile -2 iliyokuwa inakupigia kelele, huko mbele nitakuonyesha kwa nini. Cha kukupa moyo ni kwamba kwa unavyoeleza hujaharibu kitu, na zile shida zako tatu, yaani -2, skrini nyeusi na namba zinazohamahama, karibu zote zinatoka sehemu moja. Umechukua jina la pini la upande mmoja ukaenda kuulizia nalo upande mwingine.

Pini moja ina majina zaidi ya moja na kila jina lina wenyewe. LCD_RST ya kwenye mchoro ni jina la waya, aliyechora bodi alitaka kujua waya huu unatoka wapi unaenda wapi, basi. Kwenye chipu ya GPIO, yaani ile inayobeba pini za matumizi ya jumla, laini ile haina jina, ni namba 17, na hizo gpio-line-names ni lebo tu zinazobandikwa juu ya laini ili mtu akifungua gpioinfo asikutane na namba tupu. Hata hazilazimiki kuwa za kipekee, chipu mbili zinaweza kuwa na lebo moja na kerneli haitagoma. Halafu kuna jina la tatu, na hilo ndilo draiva inaloulizia: jina la kazi ambayo pini inaifanya kwa kifaa chenyewe. Skrini yako haijui kama imefungwa kwenye laini ya 17 au ya 3, wala haijawahi kuuona mchoro wako. Inachojua ni kwamba ina mguu wa riseti. Kwa hiyo jina ni "reset" na litabaki "reset" hata skrini hiyo ikihamia kwenye bodi nyingine kabisa yenye chipu nyingine. Hiyo ndiyo faida ya mpango mzima, draiva inaandikwa mara moja, na kila bodi inajibu kivyake swali la "reset yangu iko wapi".

Sasa tuingie ndani tuone kerneli inafanya nini ukiandika hivi:

    reset = devm_gpiod_get(dev, "reset", GPIOD_OUT_HIGH);

Inachukua nodi ya kifaa chako, yaani sehemu yake, kwenye mti wa vifaa, lile faili la .dts linaloiambia kerneli bodi ina vifaa gani na vimefungwa wapi, halafu inachukua neno ulilompa na kulibandika mkia. Kwanza inajaribu "reset-gpios", isipoipata inajaribu "reset-gpio" bila s, huo mkia wa pili umebakizwa kwa ajili ya bodi za zamani, wewe andika wenye s hata kama pini ni moja. Ukimpa NULL badala ya jina anatafuta "gpios" tupu. Hakuna uchawi zaidi ya hapo kwa kweli, ni kuunganisha maneno na kusoma propati, yaani mstari wa jina na thamani ndani ya nodi. Kwa hiyo ulipoomba "LCD_RST" alikwenda kutafuta propati inayoitwa "LCD_RST-gpios", hakuikuta, akajaribu "LCD_RST-gpio", hakuikuta, akakurudishia -ENOENT ambayo ndiyo hiyo -2 yako. Lebo zako za gpio-line-names hakuzigusa kabisa, hazikuwa kwenye njia yake.

Kinachotakiwa kwenye nodi ya skrini ni mstari kama huu:

    reset-gpios = <&gpio2 17 GPIO_ACTIVE_LOW>;

Nimechukulia chipu yako ni gpio2, weka ya kwako. Usome hivi: riseti ya kifaa hiki iko kwenye chipu ya gpio2, laini ya 17 ndani ya chipu hiyo, na inafanya kazi ikishuka chini. Kumbuka 17 inahesabiwa ndani ya chipu husika, si ya mfumo mzima. Na mstari uwe kwenye nodi ya skrini yenyewe. Nimeshakuta watu wameuweka kwenye nodi ya basi la SPI, yaani kwa mzazi, wakakaa siku mbili wanashangaa, kumbe kerneli inasoma nodi ya yule "dev" uliyempitisha tu, haipandi kwa mzazi wala haishuki kwa watoto. Kama kifaa chako kina nodi ndogo ndani yake na pini ziko huko, basi kuna fanksheni ya pembeni, devm_fwnode_gpiod_get, ambayo unaipa nodi mkononi.

Kabla hujagusa kodi tena fanya kitu kimoja kinachochukua dakika moja. Ingia kwenye bodi ikiwa imewaka, nenda /proc/device-tree, tafuta nodi ya skrini yako, piga ls. Unaiona reset-gpios? Kama huioni basi bodi imewaka na mti wa zamani, umebadilisha .dts lakini faili jipya la .dtb, yaani .dts ikishatafsiriwa kwa ajili ya mashine, halikufika pale bodi inapolisoma, na hapo unaweza kuhariri draiva mpaka kesho bila kubadilika kitu. Nakuambia hivi kwa sababu yameshanikuta, na si mara moja.

Kuna njia nyingine za kujibu swali lile lile na ukurasa wako uzitaje japo kwa ufupi. Kwenye kompyuta zinazotumia ACPI, yaani majedwali ya vifaa yanayotoka kwenye BIOS, hakuna .dts, majibu yanatoka kwenye _DSD, orodha ya propati za kifaa, na lisipokuwepo draiva yenyewe inaweza kubeba ramani ndogo ya kusema jina fulani ni pini ya ngapi kwenye _CRS, orodha ya rasilimali za kifaa. Na kwenye bodi za kizamani zisizo na hivyo vyote kuna jedwali la kwenye kodi, gpiod_lookup_table, unaandika jina la kifaa kama "spi0.0", lebo ya chipu, namba ya laini na jina la kazi. Kerneli inaangalia kwanza mti au ACPI, ikikosa kabisa ndipo inageukia majedwali haya. Hapo kwenye majedwali pana kitu kimoja kinachochanganya ambacho lazima nikitaje la sivyo mtu atakuja kukubishia: ukiweka U16_MAX, namba kubwa kuliko zote ya biti 16, mahali pa namba ya laini, ile nafasi ya lebo ya chipu inasomwa kama jina la laini, yaani hapo ndipo lebo yako ya LCD_RST ingefanya kazi. Ni mlango wa pembeni, upo, ila bodi yako ina mti wa vifaa kwa hiyo achana nao.

Turudi kwenye optional, maana hapa ndipo umenipa wasiwasi. Fanksheni zenye optional zimewekwa kwa ajili ya pini ambayo bodi nyingine zinayo na nyingine hazina, mfano skrini ambayo riseti yake imefungwa moja kwa moja kwenye riseti ya bodi nzima. Ikikosa propati hairudishi kosa, inarudisha NULL. Na ukiipitisha hiyo NULL kwenye gpiod_set_value haikatai, inarudi kimya kimya bila kufanya lolote. Ni makusudi, ili draiva isijae if kila mstari. Lakini angalia imekufanyia nini: jina lilikuwa bado si sahihi, kerneli ikaelewa kwamba bodi hii haina pini ya riseti, sawa, ikaendelea, draiva yako ikapiga riseti hewani, laini ya 17 haikuguswa na mtu, ikabaki vile bodi ilivyoiacha ilipowaka. Skrini ikiwa na rezista inayovuta riseti chini haitaamka milele, na ikiwa na inayovuta juu unaweza kubahatika ikawaka, ndiyo maana mtu mwingine kwenye timu anaweza kuapa kwamba kodi ile ile kwake inafanya kazi. Kwa hiyo sheria yangu binafsi, wengine wanaweza wasikubaliane nami, ni kwamba draiva mpya ianze na devm_gpiod_get ya kawaida, ile inayopiga kelele, na optional iingie siku utakapokuwa na bodi ya kweli isiyo na pini hiyo. Na hata ukitumia optional bado kagua jibu kwa IS_ERR, kipimo cha kerneli cha kujua kama umerudishiwa kosa, kwa sababu inameza -2 peke yake, makosa mengine inakurudishia kama kawaida.

Makosa mengine yenyewe ni haya mawili utakayokutana nayo sana. Ukiona -517 usiogope, hiyo ni -EPROBE_DEFER, maana yake jina limepatikana, propati iko sawa, ila chipu ya GPIO yenyewe bado haijasajiliwa, kwa hiyo kerneli itakurudisha kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Usilifiche kosa hilo, usiligeuze kuwa -ENODEV kama nilivyoona kwenye draiva moja, lirudishe kama lilivyo kupitia dev_err_probe, fanksheni ya kuripoti kosa na kulirudisha. Ikiwa kifaa kinabaki kwenye foleni bila kutoka fungua /sys/kernel/debug/devices_deferred uone nani bado anasubiri. Na ukiona -16 ujue laini ipo na chipu ipo lakini kuna mwingine ameshaishika, cheki /sys/kernel/debug/gpio utamuona. Mara nyingi ni wewe mwenyewe, ulii-export jana kupitia sysfs, yale mafaili ya /sys, wakati wa kujaribu ukaisahau.

Haya, tuseme umerekebisha jina, -2 imeondoka kihalali. Kuna uwezekano mkubwa skrini bado itakuwa nyeusi na usije ukanilaumu, kwa sababu kuna shimo la pili hapo hapo: mwelekeo wa pini, yaani inafanya kazi waya ukiwa juu au ukiwa chini. Kwenye gpiod, hizi fanksheni za kuomba pini kwa jina, thamani ni za kimantiki, si za volti. 1 maana yake "fanya", 0 maana yake "acha". Pini ikiwa imeandikwa GPIO_ACTIVE_LOW kwenye mti, basi ukiandika 1 waya unashuka kwenye 0V, na ukiandika 0 waya unapanda. Hata lile neno GPIOD_OUT_HIGH ni la kimantiki, jina lake linadanganya, kwenye pini ya ACTIVE_LOW GPIOD_OUT_HIGH inaushusha waya chini. Sasa mtu aliyetoka kwenye mtindo wa namba anazoea kwamba riseti ya skrini inashuka ndiyo inafanya kazi, anaandika gpiod_set_value ya 0 kuiriseti na ya 1 kuiachia, na wakati huo huo kwenye .dts ameshaandika ACTIVE_LOW. Amegeuza mara mbili. Matokeo yake skrini inashikiliwa kwenye riseti muda wote, nyeusi tii, na dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, safi kabisa.

Kwa hiyo kwenye draiva yako iwe hivi, kwa maneno: omba pini na GPIOD_OUT_HIGH, hapo skrini imeshaingia riseti, subiri kidogo, kisha gpiod_set_value_cansleep na 0, hapo umeiachia, subiri tena ndipo uanze kutuma amri. Kwa chipu za skrini kama ILI9341 riseti inatakiwa ikae chini angalau maikrosekunde 10, ila baada ya kuiachia ukitaka usalama subiri milisekunde 120, watu wengi wanabana hapo kwenye kusubiri baada ya kuachia na wanapata skrini ya kuwaka leo kesho haiwaki. Hiyo cansleep nimeiweka makusudi, kwa sababu siku moja mtu atahamishia riseti kwenye chipu ya nyongeza inayofikiwa kwa nyaya za I2C, ambayo ni ya polepole, na ile fanksheni ya kawaida itaanza kulalamika.

Kuhusu namba, kwa nini siku nyingine zinakubali siku nyingine zinakataa. Ile namba ya mfumo mzima ni ya kugawiwa, chipu ikisajiliwa inapewa mwanzo wake, halafu laini zake zinahesabiwa kuanzia hapo. Nani anasajiliwa kwanza inaweza kubadilika, hasa kama una chipu ya nyongeza inayopakiwa kama moduli. Zamani ugawaji ulianzia juu ukishuka, kwenye kerneli za karibuni unaanzia 512 ukipanda, kwa hiyo hata kupandisha toleo la kerneli peke yake kunatosha kuhamisha namba zako zote. Mfumo huu wa kuomba kwa jina uliingia kwenye Linux 3.13 mwanzoni mwa 2014, na namba zimekuwa zikisukumwa mlangoni tangu hapo. Draiva mpya yenye gpio_request, fanksheni ya zamani ya kuomba kwa namba, siku hizi ukiipeleka kwa watunzaji wa kerneli itarudishwa bila hata kusomwa vizuri.

Kitu kimoja cha haraka: pinctrl ni habari nyingine. Ile inaamua kama mguu wa prosesa ni GPIO au ni UART (mawasiliano ya serial) au ni kitu kingine, na majina yake kama "default" ni majina ya hali, si ya pini. Ukurasa wako usizichanganye.

Sasa ukurasa wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba usianze na kueleza fanksheni, wenzako wanaweza kuzisoma kwenye nyaraka za kerneli, zipo chini ya Documentation/driver-api/gpio na ni fupi. Anza na hilo nililokuambia mwanzo, majina matatu ya pini moja, na uchukue riseti yako ya kweli kama mfano: kwenye mchoro LCD_RST, kwenye chipu gpio2 laini ya 17, kwenye draiva "reset", kwenye mti reset-gpios. Mtu akiiona pini ile ile ikivaa majina yote ukurasa mmoja hatauliza tena. Halafu onyesha njia ya kutafuta, neno, mkia, nodi gani. Halafu makosa na maana zake, hapo watarudi mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Na kila pini iandikiwe mwelekeo wake kwa maneno, usiandike "active low" ukaondoka, andika "draiva ikiandika 1 skrini inaingia riseti na waya unakuwa 0V". Inaonekana ni kurudia rudia lakini ndiyo sentensi itakayomwokoa mtu saa nane za usiku.

Kisha kuna sehemu ya maelezo ambayo haiandikwi kwa ajili ya watu tu, mashine nayo inaisoma. Ni ile skima ya YAML, faili la kanuni za nodi ya kifaa chako, ndani ya Documentation/devicetree/bindings. Hapo unataja reset-gpios, unasema ni moja tu kwa maxItems: 1, na kama ni ya lazima unaiweka kwenye required. Ukishafanya hivyo make dt_binding_check inakagua skima yenyewe, na make dtbs_check inakagua .dts za bodi zote dhidi yake, mtu akikosea herufi anaambiwa kabla bodi haijawaka. Kwa kifupi huko kuhangaika kwako kungemalizwa na amri moja. Tumia majina yaliyozoeleka kama reset, enable, powerdown, herufi ndogo na vistari, usibuni "lcdrst" yako. Na uchague vizuri, kwa sababu jina likishatoka kwenye bodi za watu huwezi kulibadilisha, mti wa zamani lazima uendelee kufanya kazi na kerneli mpya. Mpaka leo ndani ya gpiolib, sehemu ya kerneli inayosimamia pini hizi, kuna kodi maalumu ya kutafsiri majina ya zamani yaliyokosewa, mfano draiva ya SPI inayoendeshwa kwa pini za GPIO ilitumia "gpio-sck" ikiwa kinyumenyume badala ya "sck-gpios", na bado inabebwa.

Umefanya yote hayo, jina sawa, /sys/kernel/debug/gpio inaonyesha laini ya 17 imeshikwa na draiva yako na imeandikwa ACTIVE LOW, na skrini bado nyeusi. Hapo acha kuandika kodi, chukua multimita, weka draiva isubiri sekunde tano kila upande na upime mguu wa riseti kwenye skrini yenyewe, si kwenye prosesa. Kama kerneli inasema waya uko juu na mita inasoma 0V, sasa ni suala la mguu kutowekwa kuwa GPIO kwenye pinctrl, au risasi ya kuchomelea haikushika, au mchoro na bodi haviendani, na hayo siwezi kuyaona kutoka huku nilipo, mpelekee aliyechora bodi au fundi mwenye oskiloskopu mkae naye mezani. Na kama skrini ni ya 5V na prosesa ni ya 3.3V, na hamna chipu ya kushusha volti kati yao, usiiwashe tena kabla mtu wa vifaa hajaiangalia. Ukimwendea, beba ile reset-gpios uliyoiona kwenye /proc/device-tree na vipimo viwili ulivyosoma kwenye mita, cha wakati wa riseti na cha baada ya kuiachia.